Vyombo vya Shirika: Vigawanywe au Visigawanywe?

Haya ni maneno aliyoyasema fundi mmoja wa zamani mbele ya mkutano wa wachoraji na wapigaji chapa wa wilaya, siku walipokutana kushauriana juu ya karakana yao. Twayaandika hapa ili wale ambao hawakuhudhuria nao wapate kuyafikiri.



Najua ya kuwa leo tumekutana kwa neno zito. Wenzetu wengine wasema: "Mtambo tumeununua sote, na rola, na patasi, na wino, basi na vigawanywe, kila mtu achukue fungu lake akafanye kazi kwake, maana katika shirika mna uvivu na ugomvi." Maneno haya si ya kipumbavu. Uvivu upo, na ugomvi upo. Lakini kabla hamjakata shauri nataka kuwaeleza mambo mawili: moja lililonipata mimi mwenyewe, na la pili lililotukia katika nchi ya Afrika ya Kusini.

Langu ni fupi. Nilipokuwa kijana nilikuwa katika shirika la watu saba. Tulikuwa na mtambo mmoja wa chuma, rola mbili, meza ya mninga na sanduku la karatasi. Siku moja karatasi kumi zilikosekana, nami nikamwita mwenzetu mmoja mwizi mbele ya watu. Baadaye karatasi zile zilionekana nyuma ya sanduku, zimelowa mvua. Lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka, na neno likitoka halirudi. Tukagawana vyombo. Aliyepata rola hakupata wino, na aliyepata wino hakupata karatasi. Mimi nilipata mtambo, wala sikuwa na mtu wa kunisaidia kuuzungusha. Ukakaa uani kwangu, kuku wakataga chini yake, ukala kutu, hata nikamwuzia mnunuzi wa vyuma vikuukuu, naye akaupima kwa mizani kama apimavyo misumari. Katika watu saba wale hapana hata mmoja aliyepiga chapa tena. Basi ninaposema leo, sisemi kwa kuwa nina akili kuliko ninyi. Nasema kwa kuwa nimekwisha lipa.

Sasa nisikilizeni habari ya Afrika ya Kusini. Mpakani mwa nchi ya Wazulu pana mahali paitwapo Rorke's Drift. Wengi wamepasikia kwa sababu ya vita vya mwezi wa Januari 1879, vya Waingereza na Wazulu. Mimi nataka mpakumbuke kwa sababu nyingine. Mwaka 1961 walikuja katika nchi ile mume na mke kutoka Sweden, Peder na Ulla Gowenius, walimu wa sanaa, nao walitumwa na misheni ya Kilutheri. Mwaka 1962 walianzisha kituo cha kazi za mikono, na mwaka 1963 kituo kikahamia Rorke's Drift. Wanawake walifuma mazulia ya ukutani, wengine walifinyanga vyombo, na wengine walipiga chapa picha. Mwaka 1968 ikafunguliwa na shule ya sanaa.

Fahamuni hali ya nchi ile wakati ule. Tangu mwaka 1948 serikali ilifuata siasa ya kuwatenga watu kwa rangi zao, na sheria ya elimu ya mwaka 1953 ilimpa Mwafrika elimu ya kumtumikia mwingine. Kijana mweusi mwenye kipawa cha kuchora hakuwa na mahali pengi pa kufundishwa. Ndiyo sababu nyumba ile ya mashambani, iliyo mbali na miji mikubwa, ilijaa watu.

Mmoja wa wa kwanza alikuwa Azaria Mbatha. Alikuwa mgonjwa wa kifua kikuu katika hospitali ya misheni ya Ceza, naye hapo ndipo Bwana Gowenius alipomfundisha kuchonga lino. Lino, kwa wale wasioijua, ni lile tandiko la sakafuni, lifanywalo kwa mafuta ya mbegu za kitani na unga wa magome ya mti wa kizibo. Si ghali kama shaba, wala si gumu kama mti wa mpingo. Mchongaji huondoa pale apatakapo peupe, akaacha pale apatakapo peusi; kisha hupaka wino kwa rola, huweka karatasi juu, na kukandamiza kwa mtambo, au kwa mgongo wa kijiko kama hana mtambo. Mbatha alichonga hadithi za Biblia, na watu wake walikuwa na sura za Kiafrika. Kazi zake zikajulikana hata Ulaya.

Mwingine alikuwa John Muafangejo, aliyezaliwa mwaka 1943 upande wa Angola, karibu na mpaka wa Namibia. Alifika Rorke's Drift mwishoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 1974 alirudi tena kukaa na kufanya kazi. Alichonga mambo ya nyumbani kwake, mambo ya kanisa na mambo ya vita, na mara nyingi aliandika maneno ndani ya picha. Jaribuni ninyi kuandika neno kwa kulichonga kinyume, ili likipigwa chapa lisomeke sawasawa, mtaona kazi yake! Alifariki mwaka 1987 huko Windhoek, na baadaye chuo cha sanaa mjini humo kikaitwa kwa jina lake.

Sasa nauliza: ni kitu gani kilichowakuza watu hawa? Walimu walikuwapo, kweli. Lakini mwalimu ni mmoja na wanafunzi ni wengi, na saa zilizo nyingi mwanafunzi hujifunza kwa jirani yake. Sisi wenyewe twaijua hali hii. Mtu achongapo peke yake, mkono ukiteleza akaondoa mstari asiotaka kuuondoa, hulitupa bamba kwa hasira. Achongapo mezani pamoja na wengine, yuko mmoja atakayemwambia: "Usilitupe, kosa hili lilinipata nami mwezi jana, nikaligeuza kuwa tawi la mti." Tena chapa ya kwanza, ile ya kujaribu, hutundikwa ukutani. Kila apitaye huitazama. Mmoja husema wino ni mwingi, wa pili husema uso umegeuka, kwa kuwa mchoraji alisahau ya kuwa mkono wa kuume katika bamba huwa wa kushoto katika karatasi. Ukuta ule ni mwalimu asiyelipwa mshahara, wala hampendelei mtu.

Na mtambo wenyewe hupenda watu wawili. Mmoja mikono yake ina wino, haifai kugusa karatasi. Wa pili mikono yake ni safi, ndiye aishikaye karatasi. Apigaye chapa peke yake huacha alama za vidole pembeni, na mnunuzi akiziona hupunguza bei.

Labda mtasema: "Shule ile ya Rorke's Drift iko wapi leo?" Ni swali la haki. Shule ya sanaa ilifungwa mwaka 1982. Lakini tazameni waliotoka humo. Lionel Davis alifungwa miaka saba katika kisiwa cha Robben kwa ajili ya siasa. Alipokuwa huru alikwenda kusoma Rorke's Drift mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha akafundisha Cape Town katika nyumba ya sanaa ya watu wote iliyoanzishwa mwaka 1977. Bongiwe Dhlomo naye, aliyesoma Rorke's Drift, alifanya kazi ya kuanzisha mahali pa sanaa katika mtaa wa Alexandra, Johannesburg. Shule ilifungwa, na mbegu ilikuwa imekwisha pandwa katika mashamba mengine. Lau kila mtu angalijifunza chumbani mwake kwa siri, angalikufa na ujuzi wake.

Neno moja tena, nalo ni la huzuni. Mwaka 1991 Kim Berman na Nhlanhla Xaba walianzisha karakana ya chapa mjini Johannesburg, iitwayo Artist Proof Studio, mahali ambapo weupe na weusi walitumia mitambo pamoja. Mwezi wa Machi 2003 nyumba ile ikashika moto. Mitambo iliharibika, picha za miaka mingi ziliteketea, na Xaba mwenyewe alikufa motoni. Kama karakana ni vyombo tu, basi siku ile ilikwisha. Lakini wenziwe walikusanyika, wakaijenga upya, wakaendelea kufundisha vijana. Mimi nilipoteza karatasi kumi nikavunja shirika. Wao walipoteza mitambo, nyumba na ndugu yao, wasivunje. Nikilifikiri jambo hili naona haya.

Lakini sikuja kuwaambia mpendane tu, kisha mwende nyumbani. Mapenzi bila daftari hayalindi karatasi. Nasema hivi: Kwanza, liwepo daftari moja mezani, na kila achukuaye karatasi au wino aandike siku ileile. Pili, kila chapa iandikwe hesabu yake kwa kalamu ya risasi, kama 3/20, maana yake ya tatu katika ishirini. Na zikitimia ishirini bamba lichorwe msalaba, ili mnunuzi asidanganywe. Tatu, katika kila chapa kumi, moja iwe ya karakana. Zikiuzwa, fedha zinunue wino na mafuta ya mtambo. Nne, siku moja kila juma mtambo uwe wa wanafunzi, wala fundi asiwafukuze kwa kuwa ana kazi ya haraka. Tano, asiitwe mtu mwizi mpaka sanduku limesogezwa na nyuma yake pametazamwa.

Mabwana na mabibi, mtambo wetu hauwezi kukatwa vipande tisa na kila kipande kikapiga chapa. Atakayeuchukua leo atachukua chuma, na wanane waliobaki watachukua maneno. Nyuma yenu, mlangoni pale, naona vijana wanne waliokuja kusikiliza. Hawana fungu katika vyombo hivi, wala hawana kura leo. Tukigawana, sisi tutapoteza kazi. Wao watapoteza kazi ambayo hawajaijua bado. Naomba mtakapoinua mikono mwakumbuke na wao.