Tovuti yetu: nani anashika ufunguo?

Maneno ya timu ya tereni mbele ya mkutano mkubwa wa wanachama, Lubumbashi



Mama Prezida ametupa dakika ishirini za kueleza habari ya tovuti ya shirika. Tunajua wengine hapa wanasema siti, wengine wanasema tu "ile mambo ya intaneti". Yote ni moja. Mkisikia tunateleza tunasema siti, mtusamehe, juu hata sisi tulisoma kwa Kifaransa.

Tuanze na aibu, ndio iishe mapema. Hii tovuti tunayofungua leo siyo ya kwanza. Ya kwanza alitutengenezea kijana mmoja, bure, kwa roho nzuri, siku zake za kupumzika. Jina la tovuti alilinunua kwa imeli yake, akaandika namba yake ya simu, akaweka neno la siri analolijua yeye peke yake. Sisi tulipiga makofi. Halafu akapata kazi kwenye migodi upande wa Kolwezi, akabadili namba, na mwaka ulipokwisha hakuna aliyelipa. Barua za kukumbusha zilienda kwenye imeli ambayo yeye mwenyewe alikuwa haifungui tena. Siku moja mfadhili wetu mmoja (yuko hapa, tunamwona anacheka) akabonyeza adresi iliyo chini ya barua yetu, akakuta ukurasa wa kubashiri mpira. Shirika la watu waliorudi kutoka ukimbizini, sasa linachezesha pari!

Yule kijana hatumlaumu. Sisi wote ni watu wa Lubumbashi, tunajua habari ya parseli. Mtu akikujengea nyumba nzuri kwenye parseli yenye karatasi za jina lake, siku akihama, nyumba ni ya nani? Tulimwachia karatasi, halafu tukashangaa.

Kwa hiyo kwanza tueleze karatasi, maana hapa ndipo mashirika madogo mengi yanapotea. Tovuti ni vitu viwili. Kuna jina, ile adresi unayoandika kwenye simu. Na kuna nyumba yenyewe, yaani kompyuta kubwa mahali fulani, wanaiita seva, ambayo inashika maandishi na foto zetu, inabaki wazi usiku na mchana hata kuran ikikatika hapa kwetu. Vyote viwili hatuvinunui kabisa, tunapanga. Bayeri anataka feza yake kila mwaka. (Tusicheke sana: hata wafadhili tunawaita bayeri. Lakini hawa wa leo hawatufukuzi.) Jina linaloishia na .org, ukichelewa kulipa, kwa kawaida unapewa siku kidogo za neema. Zikipita, kuna siku 30 ambazo unaweza kulikomboa, lakini kwa bei kali. Halafu siku 5 za mwisho, halafu linarudi sokoni na yeyote analichukua. Ndio vile wale watu wa pari walivyolipata. Hawakuiba kitu.

Wengine waliuliza kwa nini hatukuchukua .cd, ambayo ni ya nchi yetu. Swali zuri. Wazee wanakumbuka kwamba wakati wa Zaïre mwisho ulikuwa .zr. Nchi ilipobadili jina mwaka 1997 ikaja .cd, na waliokuwa na .zr ilibidi wahame. Sisi tumehama vya kutosha. Tulichukua .org, inayotumiwa na mashirika duniani kote tangu 1985, na bei yake ni dolari kumi na kitu kwa mwaka. Sheria inaruhusu kulipa hadi miaka 10 kwa mara moja. Tumelipa miaka 5, kwa karti ya benki ya shirika, yenye sahihi mbili kama matumizi mengine yote.

Jina limeandikwa kwa shirika, siyo kwa mtu. Imeli ni ya shirika. Namba inayopokea kodi ya kuingilia ni ya simu ya biro, ile ndogo ya mabatoni ambayo kila mtu anaidharau. Maneno ya siri yako ndani ya bahasha iliyofungwa, katika kasha la mweka hazina, na komiti ikibadilika yatabadilishwa mbele ya komiti mpya. Sisi wa timu ya tereni tunaweza kuandika habari na kuweka foto. Kuuza jina au kufuta tovuti hatuwezi. Tuliomba iwe hivyo sisi wenyewe, juu siku moja na sisi tutapata kazi Kolwezi.

Sasa tuje kwenye jambo lililotunyima usingizi.

Kwenye ile tovuti ya kwanza kulikuwa na foto ya mama mmoja mwanachama. Hatutamtaja, lakini ametukubalia tuseme habari yake. Alikuwa amesimama mbele ya meza yake sokoni, samaki wamepangwa vizuri, anacheka. Chini tuliandika jina lake na komini yake, na kwamba shirika limempa dolari 300 za kuanzisha biashara. Tulijivunia sana ile foto. Ilipita kwenye simu za watu, na haikuchukua muda bayeri wake akaiona. Mwisho wa mwezi akaongeza feza ya nyumba. Ndugu wa marehemu mume wake, upande wa Pweto, wakaanza kupiga simu: tumesikia umepata feza ya bazungu, hatukuona kitu. Ile 300, mnajua wote, ilikuwa mkopo. Alikuwa anarudisha kila wiki, na wiki nyingine alikosa.

Akaja biro, akaketi, akasema: "Bana, siko na hasira. Lakini ile foto ilinitosheya amani. Mulinionyesha kwa batu, mimi sikuwajua ni batu gani."

Tulifuta foto siku ileile. Lakini foto ikishaingia kwenye simu za watu, kuifuta kwenye tovuti ni kama kufunga mlango wakati kuku wote wako avenyu. Alihama nyumba. Makosa yalikuwa yetu: tulimwuliza "tunaweza kukupiga foto?" akasema ndiyo. Hatukumwuliza nani ataiona.

Tangu pale tumebadili. Kabla ya kuweka sura ya mtu, tunamsomea karatasi kwa Kiswahili, kwa sauti, na kumwonyesha kwenye simu namna itakavyoonekana. Anachagua: sura na jina, au sura bila jina, au maneno yake tu bila sura, au hakuna kitu. Akichagua hakuna kitu, msaada wake haupungui hata franka moja. Akibadili mawazo mwaka kesho, tunaondoa bila kumwuliza sababu. Feza ya mtu mmoja mmoja hatuandiki tena. Na foto za simu mara nyingi zinabeba ndani yake mahali zilipopigwa, bila wewe kuona, kwa hiyo tunaliondoa hilo kwanza. Watoto hatuweki sura kabisa.

Wafadhili wetu, hapa tunasema nanyi kwa heshima. Tunajua ripoti inapenda sura, na sura ya mama anayelia inapita mbali kuliko sura ya mama anayehesabu samaki. Lakini hesabu za shirika, zilizopitishwa na komiti ya ukaguzi, sasa ziko kwenye tovuti kila miezi mitatu, wazi kwa kila mtu, hata kwa bayeri wa yule mama. Mkitaka ushahidi, anzeni pale. Mkitaka kuona watu, njooni Katuba, njooni Ruashi, tutatembea pamoja.

Habari ya lugha tuliibishania sana. Wengine walitaka Kifaransa peke yake, ndio ionekane kazi ya watu waliosoma. Sisi tulikumbusha komiti kitabu kimoja cha mji huu. Mwaka 1965, mji ungali unaitwa Elisabethville, André Yav alikusanya historia ya mji kwa ajili ya watu waliokuwa wafanyakazi wa nyumbani, maboi wa wakati ule. Kichwa chake ni cha Kifaransa, Vocabulaire de ville de Elisabethville, lakini ndani ni Kiswahili cha hapa, vile watu walivyosema. Walijiandikia wenyewe. Mwaka 1990 Johannes Fabian, pamoja na Kalundi Mango, wakakitoa tena na tafsiri ya Kiingereza, na baadaye kikawekwa kwenye intaneti, katika hifadhi ya Kiswahili iliyoanzishwa kwenye Chuo Kikuu cha Amsterdam. Leo mtoto wa Kamalondo akitaka kusoma habari ya mababu zake, anafungua tovuti iliyoanzishwa Uholanzi. Tunawashukuru waliokihifadhi, bila wao pengine tusingekisoma. Ila habari zetu sisi ziko wapi? Desemba 2000 pale Pweto, miaka ya Kala na Mwange, safari za kurudi zilizoanza 2007: sehemu kubwa iko kwenye ripoti za watu wengine, na pale sisi ni hesabu ya vichwa.

Kwa hiyo ukurasa wa kwanza ni Kiswahili. Kifaransa kiko pembeni, unabonyeza. Wenzetu waliobaki Meheba na Mantapala wanasoma Kiswahili bila shida, na hao ndio tunaotaka watusome. Kwa ajili yao tumeandika mambo ya karatasi: kwamba karti ya mpiga kura inatumika kama kitambulisho, na kwamba mtoto ambaye kuzaliwa kwake hakukuandikishwa ndani ya siku 90 anahitaji hukumu ya mahakama, ile tunayoita jugement supplétif. Tumeandika pia yasiyo matamu. Mtoto aliyesoma kwa Kiingereza Zambia ataumia na Kifaransa mwaka wa kwanza, na pengine atarudishwa nyuma. Nyumba hapa mjini inaombwa garanti ya miezi mingi. Komiti iliogopa tutawakatisha tamaa. Tukasema, afadhali mtu ajue akiwa bado kule kuliko kujua akiwa na mizigo pale Kasumbalesa.

Neno la mega, halafu tunamaliza. Foto moja ya simu inaweza kuwa na mega 3 au 4. Ukurasa wenye foto kumi kama hizo unakula mega zote ambazo mtu alinunua kwa siku. Tumezipunguza, hakuna foto inayopita kilo 150, na ukurasa wa karatasi hauna foto hata moja. Tuliujaribu Katuba, jioni, wakati kila mtu yuko kwenye simu, kwa simu ya mzee mmoja iliyopasuka kioo. Ulifunguka. Kama kwako haufunguki, tuambie.

Yule mama wa samaki yuko kwenye tovuti mpya. Alichagua maneno bila sura, na anaeleza namna ya kuuliza bei kabla ya kukubali mkopo, hata mkopo wetu. Kuna mahali anatusema vibaya kidogo. Tumeacha.

Jumamosi biro itakuwa wazi kuanzia saa tatu asubuhi. Foto zote tulizo nazo tangu mwanzo zitakuwa juu ya meza. Njoo utafute yako, uandike kwenye daftari ibaki au itoke. Asiyeweza kuja amtume mtoto na barua.