Tusimuue Msaidizi Tukimtafuta Adui



Wengi wetu hapa Butembo na Beni tunakula kutokana na kipande kidogo cha shamba. Wengine tulikimbia vijiji vyetu kwa sababu ya vita, na hata hicho kipande ni cha kuazima. Maharagi yakikauka, watoto wanalala njaa. Kwa hiyo tukiona vidukari, vile vidudu vyeusi vinavyonyonya maji ya majani, mkono unakimbilia pompe ya dawa.

Lakini tugeuze jani kwanza. Kuna kidudu cha mviringo, chekundu chenye alama nyeusi. Wanafunzi hukiita kosineli. Chakula chake ni vidukari, makumi kwa siku. Mtoto wake hafanani naye: ni mweusi, mrefu, mgongo wa miiba kama mamba mdogo. Naye pia anakula vidukari. Sisi wenyewe tulimponda kwa vidole miaka mingi, tukidhani ndiye mharibifu. Samweli alipofika nyumbani kwa Yese alikosea vilevile: alitazama sura.

Dawa kali inaua wote wawili. Ila kidukari huzaa upesi, hata bila dume, kosineli huchelewa. Adui anarudi, na wa kumzuia hayupo tena.

Hatari hiyo wazee wetu waliiona. Mwaka 1973, upande wa Kinshasa, alionekana mdudu wa muhogo aliye mweupe kama amepakwa unga. Alitoka Amerika ya Kusini, na wale wanaomla walibaki huko. Muhogo ukadumaa, sombe ikaharibika, njaa ikatisha nchi nyingi. Mwaka 1981 watafiti wa IITA, kule Nigeria, walianza kuachilia kanyigu kadogo kutoka Paraguay, na kanyigu hako kakamdhibiti. Kosineli nao waliletwa kusaidia.

Wazee waliletewa adui asiye na mpinzani. Sisi tunajitengenezea wenyewe kwa pompe yetu.

Basi kesho asubuhi, tugeuze majani kumi. Tukikuta mayai ya manjano yaliyosimama pamoja, au yule mamba mdogo, tungoje siku chache. Penye vidukari bila msaidizi, tuvioshe kwa maji ya sabuni.

Bwana atupe macho ya kumtambua msaidizi aliyemtuma hata kabla hatujaomba. Amina.