Gharama ya Kumwajiri Mtu wa Kusafisha Nyumba

(Maneno yaliyosemwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Nairobi)



Halmashauri imetuamuru tuseme maneno machache juu ya jambo ambalo huzungumzwa katika kila nyumba ya mwanachama, lakini halijapata kuandikwa katika kitabu chetu cha taarifa ya mwaka. Jambo lenyewe ni gharama ya kumwajiri mtu wa kusafisha nyumba. Yamkini wako wanaofikiri kwamba hilo ni neno dogo la jikoni, lisilostahili kuletwa mbele ya wazee. Twaomba mtuvumilie. Mwaka huu mfuko wa Chama umefunguliwa mara mbili kwa ajili ya wanawake wa kwetu waliotumika katika nyumba za wanachama wenyewe: mmoja aliumia, na mwingine alirudishwa nyumbani bila akiba yoyote. Jambo lililokwisha kuingia katika mfuko wa Chama si la jikoni tena.

Kwanza, tuitazame kazi yenyewe. Mtu huyu huamka kabla ya wenye nyumba. Hufagia, hupiga deki, hupangusa vumbi, husugua masufuria, huosha choo, hufua nguo na kuzipiga pasi. Mara nyingi hutwikwa na watoto pia, ingawa siku ya kuajiriwa alitajiwa usafi peke yake. Nasi, kwa sababu yeye yumo nyumbani, twaweza kufunga mlango saa kumi na mbili asubuhi tukaenda zetu ofisini, dukani au sokoni. Kwa hiyo mshahara wetu, na faida ya biashara zetu, vina jasho lake ndani.

Pili, tuwakumbuke waliotutangulia. Wengi wa babu zetu waliokuja mji huu katika miaka ya 1920 walikuja kutumika katika nyumba za Wazungu, wakafagia, wakapika, wakafua. Walilala katika vijumba vya nyuma ya nyumba, na shingoni walivaa kipande, ambamo mwajiri aliandika siku ya kuanza kazi, siku ya kuondoka, na mshahara aliolipa. Kipande kile kilikuwa kamba, kwa maana mwajiri wa pili alipousoma mshahara wa kwanza hakutaka kuuzidisha. Na mtu mwenye mvi aliitwa "boi" mbele ya wanawe. Wazee wetu waliona uchungu, na vyama kama hiki vilianzishwa na watu wa namna hiyo, ili mgonjwa apate nauli ya kurudi kwao na maiti apate sanda. Leo sisi, wajukuu wao, twamwita mwanamke wa miaka arobaini "msichana wa kazi", wala hatuuandiki mshahara wake mahali popote.

Sasa tuingie katika hesabu. Twaomba kila mwenye kalamu aandike.

Amri ya mishahara iliyoanza kutumika tarehe 1 Novemba 2024 iliweka mshahara wa chini wa mtumishi wa nyumbani na msafishaji katika Nairobi kuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi. Hizo ni fedha za mshahara peke yake. Kama mtumishi hapewi malazi, huongezewa asilimia 15 kwa ajili ya kodi ya nyumba, yaani shilingi 2,417.06. Jumla ni shilingi 18,530.81.

Juu ya hizo mwajiri hutoa sehemu yake. Kwa akiba ya uzeeni ya NSSF hutoa asilimia 6, yaani shilingi 1,111.85. Kwa ada ya nyumba za bei nafuu, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka wa 2024, hutoa asilimia moja unusu, yaani shilingi 277.96. Basi gharama ya mwajiri kwa mwezi mmoja ni shilingi 19,920.62, ambazo ni karibu sana na elfu ishirini.

Mtumishi naye hukatwa: asilimia 6 ya NSSF, asilimia moja unusu ya nyumba, na asilimia 2.75 ya bima ya afya ya jamii, ambayo ni shilingi 509.60. Makato yote ni shilingi 1,899.41, naye huondoka na shilingi 16,631.40 mkononi. Amri ya mishahara hubadilika. Kwa hiyo kila mwanachama na aulize kama ipo mpya kabla ya kuajiri.

Walakini hesabu haijaisha. Sheria ya Kazi ya mwaka wa 2007 yampa mtumishi siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, likizo ya siku 21 za kazi kila mwaka kwa mshahara kamili, na likizo ya uzazi ya miezi mitatu. Kadhalika yaamuru kwamba kazi ya miezi mitatu au zaidi iwe na mkataba wa maandishi, na kwamba kuuandika ni wajibu wa mwajiri. Kama mtumishi hajui kusoma, asomewe na kuelezwa kwa lugha anayoifahamu. Tena sabuni, ndoo, glavu za mikono na tambara la deki ni juu ya mwenye nyumba. Hapana fundi anayeombwa aje kujenga nyumba ya mtu kwa saruji yake mwenyewe.

Bwana Mwenyekiti, baada ya kusema hayo, yatupasa tuseme na letu. Kazi yetu ya kila siku ni ukarani wa mishahara. Kila mwisho wa mwezi twaandika majina ya watu, makato yao na stahili zao, na kama senti moja imepotea hatuendi nyumbani mpaka ipatikane. Lakini kwa muda wa miaka minne nyumbani kwetu alikuwako mama mmoja wa kijiji chetu, tukimlipa shilingi 5,000 kwa mwezi, nasi tukajiona wema. Tulikwenda kumwomba kwa mama yake tukasema, "Atakaa nasi kama mtoto wetu." Hatukumwandikia mkataba. Hatukumlipia NSSF wala bima ya afya. Tulisema kwamba anakula kwetu na analala kwetu, na kwamba hayo yatosha.

Siku moja alipanda juu ya kiti apanguse madirisha, kiti kikateleza, akavunjika mkono. Tulimpeleka hospitali, tukalipa siku ya kwanza, kisha fedha zikatuishia, tukaja mbele ya Chama hiki kuomba msaada. Mlichanga. Wengi wenu mlitoa shilingi mia mbili mbili, mkatushukuru kwa kumjali. Hatukuwaambia kwamba Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, nayo ni ya mwaka wa 2007, humtwika mwajiri mzigo wa mtu aliyeumia katika kazi yake. Deni lilikuwa letu, nanyi mkalilipa.

Alipopata nafuu kidogo tulimpa nauli na mfuko wa nguo, akarudi kwao. Tulipokwenda nyumbani mwezi wa Desemba, mama yake alitupokea vizuri, akatupa chai. Kisha akasema kwa upole, "Wanangu, mliniambia kwamba atakaa kwenu kama mtoto wenu. Mtoto wenu mwenyewe mmemwekea akiba gani?" Hatukuwa na jibu. Tuliinamisha vichwa, tukanywa chai ile mpaka ikapoa. Baada ya hapo tulikaa na kalamu tukafanya hesabu ambayo tungemfanyia mtu yeyote wa ofisini. Twamlipa sasa kidogo kidogo, na fedha zile hatuziiti zawadi.

Wazee wetu, jambo tulilojifunza ni hili. Gharama ya kusafisha nyumba haipungui kwa sababu mwenye nyumba ametoa kidogo. Sehemu asiyoitoa hutolewa na mtu mwingine. Hutolewa na mama mzee kijijini anayemlisha binti mgonjwa, hutolewa na watoto waliokosa karo, na mwisho hutolewa na Chama hiki. Wahenga walisema kwamba mchumia juani hulia kivulini. Yatupasa tujiulize kama mtu wetu huyu, aliyechuma juani miaka minne, tulimwachia kivuli chochote.

Twajua jibu la wengi, kwa kuwa lilikuwa jibu letu. Mwanachama atasema, "Mshahara wangu mwenyewe ni shilingi 35,000. Nitatoaje elfu ishirini?" Neno hilo ni la kweli, wala hatuwezi kulicheka. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na wengi katika mkutano huu hawana shibe. Lakini mtu asiyeweza kununua gunia zima hamlazimishi mwenye duka ampe gunia kwa bei ya kibaba, hununua kibaba. Vivyo hivyo, asiyeweza kumlipa mtu mwezi mzima na amwajiri kwa siku.

Wale kina mama tunaowaita "mama fua" hufanya kazi kwa siku, na jioni hurudi kwao. Chukueni zile shilingi 18,530.81 mzigawe kwa siku 26 za kazi, mtapata shilingi 712 na senti kadhaa. Basi anayempa mama fua shilingi 300 kwa kufua, kupiga deki na kupiga pasi tangu asubuhi hata jioni, na ajue kwamba hajafika hata nusu. Tuseme mwanachama atoe shilingi 800 kwa siku na nauli ya shilingi 100, naye amwite siku mbili kwa juma. Katika mwezi wenye siku tisa za kazi atatoa shilingi 8,100. Nyumba itakuwa safi, watoto wakubwa watajifunza kuosha vyombo vyao wenyewe, na mama yule atakuwa huru kufanya kazi katika nyumba nyingine siku zilizobaki. Lakini asiwepo mtu wa kumwita siku baada ya siku, mwezi mzima, akaendelea kumwita kibarua ili kukwepa haki zake. Sheria hiyo ya Kazi yamhesabu mtu wa namna hiyo kuwa ameajiriwa kwa mwezi.

Kwa sababu hizo Halmashauri yaleta mbele yenu maazimio matatu.

La kwanza: mwanachama yeyote anayemchukua mtu kutoka nyumbani kwetu kuja kufanya kazi mjini aandike mkataba wa ukurasa mmoja, nakala moja ibaki kwa mtumishi mwenyewe na nyingine kwa Katibu wa Chama. Ndani yake uandikwe mshahara, siku ya mapumziko, na kazi atakayoifanya.

La pili: asichukuliwe mtoto ambaye angepaswa kuwa shuleni, hata kama wazazi wake wamekubali kwa sababu ya shida. Wazazi wa namna hiyo na waletwe mbele ya Chama, tuone jinsi ya kuwasaidia katika karo.

La tatu: wanawake wote wa kwetu wanaofanya kazi katika nyumba za watu mjini hapa wakaribishwe kuwa wanachama kamili, kwa ada ile ile na kura ile ile. Imekuwa desturi yetu kuwakumbuka wakati wa mkutano kwa ajili ya kupika chai tu. Hata leo wako nyuma ya ukumbi huu wakiosha vikombe, na maneno haya yanawahusu wao kuliko sisi.

Bwana Mwenyekiti, kabla ya kura kupigwa, twaomba ruhusa yako waitwe waje waketi pamoja nasi. Vikombe vitaoshwa baadaye, na sisi wenyewe tutasaidia kuviosha.