Tupige marufuku mbwa, ama tumbane mwenye mbwa?

Wadau, leo tuongelee huu mjadala wa kupiga marufuku aina za mbwa wanaoitwa hatari. Tuanze na Uingereza. Sheria yao ya 1991 ilitaja aina nne, pitbull ikiwemo. Mwishoni mwa 2023 wakaongeza XL Bully. Tangu Februari 1, 2024, kumfuga huyo kule England na Wales bila cheti maalum ni kosa.

Wanaounga mkono wanasema: mbwa wa nguvu hizo akishika mtoto, anaua. Serikali isingoje mazishi. Hoja hiyo ina uzito, msiicheke.

Wanaopinga wanasema sheria inapima umbo, sio tabia. Mbwa mpole anaponzwa na sura yake, na mfugaji mzembe anahamia aina isiyo kwenye orodha. Uholanzi waliamua kufuta marufuku ya pitbull mwaka 2008, baada ya kuona visa vya watu kuumwa havijapungua.

Kwa hivyo mwanasiasa akikuahidi marufuku, muulize: mbwa asiye kwenye orodha akiniuma, nani anawajibika? Akikwepa hilo, basi anakuuzia orodha tu, sio usalama.