Usikate waya wa taa ya oili

Ndugu msikilizaji, leo naomba nianze kwa kukiri kosa. Mara nyingi nikaapo mbele ya kipaza sauti hiki huwa nazungumzia makosa ya wengine: barabara iliyoachwa bila mitaro, kisima kilichofungwa kwa kukosa kifaa kimoja, mkutano wa kijiji ulioahirishwa mara tatu. Leo ni zamu yangu.

Ninayo pikipiki ya zamani ya mapigo mawili, ile aina inayochoma oili pamoja na petroli na kutoa moshi wa bluu. Niliinunua kwenye mnada, mradi mmoja ulipokwisha na vifaa vyake vikauzwa. Vijana wa bodaboda pale kijiweni Katesh huicheka na kuiita "mzee wa moshi". Lakini mzee huyo amenipandisha Dongobesh, amenifikisha Haydom na Bassotu, na hajawahi kunilaza njiani. Tuseme, hakuwahi kunilaza njiani mpaka mwaka huu.

Kwenye dashibodi yake kuna taa nyekundu, ndogo kama punje ya mahindi, yenye alama ya kopo la oili. Mwezi Machi taa hiyo ilianza kuwaka na kuzimika. Nikipanda kilima inawaka. Nikifika tambarare inazimika. Siku nyingine inawaka nikipita kwenye makorongo ya barabara, kisha inatulia siku tatu nzima kana kwamba haikusema kitu. Nilifungua tangi la oili, nikachungulia. Oili ilikuwamo. Nikaongeza kidogo. Taa ikatulia, kisha ikarudia mchezo wake.

Nikaenda kwa fundi mmoja. Naye akafungua, akachungulia, akaona oili imejaa, na hapo hapo taa ikapepesa mbele ya macho yetu wote wawili. Akacheka. "Mzee, oili tele, taa inawaka. Hii taa ni mwongo. Tukate waya upumzike."

Ndugu msikilizaji, nilikubali. Tena nilikubali kwa furaha. Waya ukakatwa, nikalipa shilingi 2,000, nikarudi nyumbani nikiwa nimetulia kama mtu aliyepona ugonjwa.

Majuma machache baadaye nilikwenda Dongobesh kumchukua binti wa dada yangu, aliyekuwa na mtoto mchanga mgongoni. Tulianza kuteremka kuelekea Dareda. Wanaoijua njia hiyo wanajua ninachosema: upande mmoja ukuta wa Bonde la Ufa, upande wa pili ni miti na hewa tu. Nilikuwa nimefunga mafuta na kuiacha injini ituzuie, kama tunavyofanya sote mteremkoni. Ghafla sauti ya injini ikabadilika, ikawa nzito, halafu gurudumu la nyuma likagoma kuzunguka. Pikipiki ikaanza kuteleza ubavu. Sijui ni nani aliyeukumbusha mkono wangu wa kushoto, lakini ulibana klachi. Gurudumu likaachia, nikashika breki polepole, tukasimama kwenye mtaro wa kando ya ukuta. Goti langu lilichubuka. Mama na mtoto, kwa rehema za Mungu, hawakupata hata mkwaruzo.

Nilifungua tangi la oili. Lilikuwa kavu.

Yule binti alinitazama kwa muda, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mjomba, kwani pikipiki haikukuambia?"

Sikuwa na jibu. Pikipiki ilikuwa imeniambia tangu Machi. Mimi ndiye niliyelipa shilingi 2,000 ili isiniambie tena.

Tulipakia mzee wa moshi kwenye gari la mizigo, na baadaye nikampeleka Mbulu mjini kwa fundi mzee ambaye nilielekezwa na watu. Nilimwamkia, akanipa kiti, hakunicheka. Alifungua silinda, akanionyesha pistoni iliyokwaruzika upande mmoja kama imepakuliwa kwa kisu butu. Ndiyo hali ambayo mafundi wetu husema injini imenoki. Kisha akaanza kutafuta ukweli kuhusu taa. Alichokigundua ndicho kilichonifanya niandike mazungumzo haya.

Taa yangu ilikuwa na magonjwa mawili kwa wakati mmoja. La kwanza: kiunganishi cha waya karibu na tangi kilikuwa kimeshika kutu. Barabara ikitikisa, waya unagusa na kuachia, na taa inawaka hata oili ikiwa tele. Hapo taa ilikuwa inadanganya kweli. La pili: mpira unaopeleka oili kutoka tangini hadi pampu ulikuwa na ufa mwembamba, na oili ilikuwa inavuja kidogo kidogo. Ndani ya tangi kuna boya dogo. Oili ikipungua, boya linashuka na taa inawaka. Oili ikiwa imekaribia alama ya hatari, ukipanda kilima inakimbilia upande mmoja wa tangi, boya linashuka, taa inawaka. Ukifika tambarare inarudi, taa inazimika. Kwa hiyo taa iliyokuwa ikiwaka vilimani ilikuwa inasema kweli, tena ilikuwa inasema mapema, wakati bado kuna nafasi ya kuongeza.

Basi mdomo mmoja ulikuwa ukisema uongo na ukweli kwa zamu. Mimi na fundi wangu wa kwanza tuliushika ule uongo mmoja, tukauziba mdomo mzima.

Na kwa nini injini ikashika mteremkoni, si kilimani? Mzee alinieleza hivi. Katika injini kama yangu, pampu ya oili hufuata mkono wa mafuta. Ukifunga mafuta, oili nayo hupungua, ilhali injini bado inazungushwa kwa kasi na gurudumu. Palipo na oili haba, hapo ndipo ukavu hujitokeza kwanza. Kwa hiyo mteremko ambao kwetu huonekana ni mapumziko, kwa pistoni ni mtihani.

Nilimwomba mzee anifundishe nifanyeje siku nyingine, nami nawapasheni kama nilivyopokea.

Taa ikiwaka, simama mahali salama, tazama oili kwanza. Usianze na taa. Simamisha pikipiki wima, mahali tambarare, fungua utazame kwa macho yako. Kama imepungua, ongeza, kisha tafuta imekwenda wapi. Injini ya mapigo mawili hula oili kwa kawaida yake, lakini ikila kuliko jana kuna jambo. Tandika boksi la karatasi chini yake usiku; asubuhi doa litakuonyesha mahali panapovuja.

Kama oili imejaa na taa bado inapepesa, sasa ndipo ugeukie umeme. Washa swichi bila kuwasha injini, tikisa waya mmoja mmoja, ukianzia karibu na tangi. Taa ikijibu unapotikisa, umepata mahali. Sugua kiunganishi kwa msasa mwembamba, kifunge kisilegee, kizuie maji. Ikishindikana, toa kile kifaa chenye boya, lipandishe na kulishusha kwa kidole. Likishuka taa iwake, likipanda izimike. Isipofanya hivyo, boya limekwama au swichi yake imekufa. Kazi yote hiyo, mzee alinitoza shilingi 3,000. Pistoni na silinda zilinigharimu zaidi ya shilingi 180,000.

Jambo la tatu ndilo ambalo wengi hatulifikirii: taa isiyowaka kabisa. Katika pikipiki nyingi za aina yangu, ukiwasha swichi gia ikiwa huru, taa huwaka ili kukuonyesha kwamba balbu ni nzima. Ukiingiza gia, huzimika. Ile isiyowaka hata mara moja haikuambii kwamba kila kitu ni salama. Inakuambia kwamba yenyewe imekufa. Giza na usalama hufanana sana kwenye dashibodi.

Na ikitokea tangi limekauka, usimwage oili ukaondoka. Hewa imeingia kwenye mpira na pampu, na lazima itolewe. Mzee alinitolea hewa, kisha akaniamuru kwa tangi la kwanza nichanganye oili moja kwa moja kwenye petroli, mililita 20 kwa kila lita moja, mpaka tuwe na hakika kwamba pampu inasukuma.

Sasa vijana wangu wa bodaboda mnaonisikiliza, msiseme habari hii ni ya mzee wa moshi peke yake. Pikipiki zenu ni za mapigo manne. Oili hukaa chini ya injini, karibu lita moja tu, nayo huzunguka humo humo. Nyingi hazina taa ya oili hata kidogo. Zina kijiti cha kupimia au kioo kidogo ubavuni. Maana yake taa ni wewe mwenyewe, kila asubuhi kabla ya abiria wa kwanza. Na kwa zile zenye taa, ikiwaka injini ikiwa inazunguka, usijiambie nitafika kituoni kwanza. Mara nyingi taa hiyo hupima msukumo wa oili, na injini isiyo na msukumo huharibika kwa muda mfupi mno. Zima pale pale, sukuma. Huenda nyuma yako amekaa mama mjamzito anayepelekwa Haydom au Dareda, na hakuna gari jingine litakalopita mpaka jioni.

Ndugu msikilizaji, sisi tunaokaa Katesh tunayo sababu ya ziada ya kulifikiri jambo hili. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, sehemu ya mlima Hanang ilimeguka baada ya mvua kubwa. Tope, mawe na magogo yakashuka mpaka mjini na katika vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Wataalamu wa miamba walieleza kwamba haikuwa volkano. Ni miamba dhaifu iliyonyonya maji ikashindwa kujishikilia. Sisemi kwamba wale tuliowazika walipuuza taa yoyote. La hasha. Walikuwa majumbani mwao, wengine wakiamka tu.

Nasema habari yangu mimi niliyebaki. Tangu siku ile, mvua ikinyesha usiku huamka, huwasha tochi, hutoka nje kusikiliza korongo. Mara nyingi sana nimetoka bure. Nimelowa bure, nimerudi kitandani na miguu ya baridi, na mke wangu ameniuliza nitachoka lini. Na kuna usiku ambao moyo wangu umeniambia: lala, mvua hii ni kama ile ya juzi. Sauti hiyo naijua sasa. Ndiyo ile ile iliyosema, "Hii taa ni mwongo. Tukate waya upumzike."

Onyo linalowaka na kuzimika ni gumu kuliko onyo linalowaka moja kwa moja. Hilo la pili hututisha, tukatenda. La kwanza hutuchosha, na mtu aliyechoka haombi ukweli, anaomba kimya. Ndivyo tunavyomfanyia mtoto anayesema tumbo linauma leo, kesho haliumi. Ndivyo tunavyomfanyia mjumbe anayesimama kila mkutano kuuliza hesabu za mradi wa maji. Kwa kuwa alikosea mara moja, tunamwambia akae chini mara zote. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Mimi ni mtu wa redio, na kazi ya redio haiko mbali na kazi ya ile taa. Nasi hukosea, waya wetu nao hushika kutu. Tukikosea, tusugueni kwa msasa, tuelezeni pale tulipokosea. Hiyo ni haki yenu. Lakini msikate waya.

Mzee wa moshi amepona, na taa yake imerudishwa. Juzi nilipokuwa napanda tena Dongobesh iliwaka kidogo kwenye kona ya juu, kisha ikazimika. Nilisimama. Nilifungua tangi. Oili ilikuwa imeshuka karibu na alama. Nikaongeza kutoka kwenye kopo ninalobeba sasa kila safari, nikafunga, nikaendelea. Kazi yote haikuzidi dakika tano. Vijana wawili wa bodaboda walinipita wakipiga honi na kucheka.

Nawatakia juma jema. Tutazungumza tena juma lijalo, panapo majaliwa.