Springi Zimeongezwa, Breki Je?

Maneno yaliyosemwa mbele ya madereva, matanboi na makanika, Garissa

Ndugu wanachama,

Leo hatukuja kusema juu ya mishahara. Twataka kusema juu ya breki, kwa sababu mtu aliyekufa hapokei mshahara.

Mnaijua kazi ya pikapu katika nchi hii. Yabeba maji, mahindi, mbuzi na watu, kutoka hapa Garissa kwenda Dadaab, Modogashe na Wajir. Tajiri akiona gari limekaa chini nyuma kwa uzito, hulipeleka gereji likaongezwe majani ya springi. Likisha simama vizuri, husema: sasa laweza kubeba zaidi. Lakini springi kazi yake ni kubeba mzigo, si kuusimamisha. Breki ni zile zile zilizotoka kiwandani.

Na tupige hesabu. Pikapu yenye uzito wa tani 2 ikibeba tani 1, breki zazuia tani 3. Ikibeba tani 2, zazuia tani 4, yaani theluthi moja zaidi. Na mwendo ni mbaya kuliko mzigo. Ukitoka kilomita 40 kwa saa ukafika 80, kazi ya breki haiwi mara mbili, yawa mara nne. Kazi hiyo yote hugeuka moto ndani ya ngoma na diski.

Nchi yetu ya tambarare hutudanganya. Dereva aweza kwenda mwendo mrefu bila kukanyaga breki, akadhani ni nzima. Siku ngamia wanapovuka barabara usiku, au siku anapotumwa Thika na kukuta vilima vya upande wa Mwingi, ndipo ajuapo ukweli, naye tanboi yuko juu ya mzigo.

Basi breki ziongezwe nguvu namna gani? Tusianze na vitu vya ghali.

Kwanza, mafuta ya breki. Mafuta haya huvuta maji kutoka hewani. DOT 3 mapya hayachemki chini ya digrii 205, na DOT 4 chini ya 230. Yakisha ingiwa na maji, yaweza kuchemka kwenye digrii 140 au 155. Hapo hufanya mvuke, na pedeli huzama mpaka chini. Yabadilishwe kila miaka miwili, na upepo utolewe wote.

Pili, pikapu nyingi zina valvu nyuma, yenye fimbo ya kupimia mzigo. Gari likikaa chini, valvu huzipa breki za nyuma nguvu zaidi. Springi zikiongezwa, gari hukaa juu, na valvu hudhani gari ni tupu! Breki za nyuma hupungua wakati mzigo umezidi. Makanika, msilitoe gari gereji kabla ya kuirekebisha fimbo hiyo.

Tatu, hozi mpya, ngoma zilizopimwa, padi na liningi za kazi nzito. Kumbukeni pia kuwa matairi makubwa kuliko ya kiwanda hupunguza nguvu ya breki.

Nne, ndipo tuseme habari ya diski kubwa. Na za mbele zilingane na breki za nyuma. Hata hivyo, uzito ulioandikwa na kiwanda haubadiliki. Wala springi wala diski haiuongezi.

Mtasema: tajiri hatakubali. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yatuagiza tumwarifu msimamizi tukiona hatari kubwa. Naye mwajiri hana ruhusa ya kuturudisha kwenye hatari hiyo kabla haijaondolewa. Basi andikeni ubovu wa breki kwenye karatasi, tarehe na namba ya gari. Nakala moja mpe msimamizi, moja lete tawini. Siku ya ajali dereva ndiye aulizwaye kwanza, na neno la mdomo halina shahidi.

Mtu mmoja akikataa gari bovu huitwa mkaidi, na kesho hutafutwa mwingine wa kuliendesha. Huyo mwingine asiwe mmoja wetu. Tukikataa sote, gari litakwenda gereji.

Safari njema, ndugu zetu. Umoja ni nguvu.