Kumtumainia Mungu Katika Shamrashamra za Noeli
(Mada kwa viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, kipindi cha Majilio)



Majilio ni kipindi cha kungojea. Lakini tujiulize kwa unyofu: tunamngojea nani? Wengi wetu katika majuma haya manne tunangojea mshahara, tunangojea fedha kutoka kwa ndugu aliyeko mjini, au tunangojea jibu la mkopo. Watoto wanatazamia nguo mpya. Wazee kijijini wanahesabu siku za kuwaona watoto wao, kama ilivyo desturi ya Wachaga wengi kurudi Kilimanjaro kila Desemba. Na nyuma ya sikukuu imesimama Januari. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2016 wazazi hawatozwi ada katika shule za serikali hadi kidato cha nne. Hata hivyo sare, viatu na madaftari bado ni mzigo wa mzazi.

Hapo ndipo hofu inapoingia: hofu ya kuonekana maskini. Baba anauza mahindi ya akiba ili nyumba yake isipungukiwe na pilau. Mama anachukua mkopo ule ambao watu wenyewe wameuita "kausha damu", akiweka rehani godoro na televisheni. Wahenga walikwisha kutuonya: kukopa harusi, kulipa matanga. Sikukuu ni siku moja. Deni hukaa nyumbani hadi Pasaka, na mara nyingi huvunja amani ya ndoa.

Ndugu zangu, tuitazame Familia Takatifu. Yosefu na Maria walisafiri kutoka Nazareti hadi Betlehemu kwa sababu ya sensa ya Kaisari Augusto, nao hawakupata nafasi katika nyumba ya wageni. Walipomtolea Mtoto hekaluni, walitoa sadaka ya ndege wawili, ambayo Sheria iliwaruhusu wale wasio na uwezo wa kutoa mwana-kondoo (taz. Walawi 12:8, Luka 2:24). Hawakukopa mwana-kondoo ili wasifiwe na watu. Walitoa walichokuwa nacho, na Mungu alikuwa mikononi mwao.

Lakini kumtumainia Mungu si kukaa tu. Yosefu alipoonywa katika ndoto juu ya Herode, aliondoka usiku uleule. Bwana wetu alipotuambia tusisumbukie chakula na mavazi, alitutaka pia tuutafute kwanza ufalme wa Mungu na haki yake (taz. Mathayo 6:25-34). Basi tumaini lisilo na haki ni maneno matupu. Twawezaje kumwambia jirani amtumainie Mungu, ikiwa sisi ndio tuliomnyima kilicho chake?

Kwa hiyo nawaomba mambo matatu.

Kwanza, mwenye mfanyakazi wa nyumbani, kibarua wa shamba au mlinzi amlipe kabla ya sikukuu. Torati yaamuru ujira wa maskini ulipwe siku ileile, jua lisichwe (taz. Kumbukumbu la Torati 24:14-15). Noeli iliyopikwa kwa mshahara wa mwingine haimpendezi Mungu.

Pili, mwenye kukopesha asichukue kitanda cha mwenzake. Torati iliagiza vazi lililowekwa rehani lirudishwe kabla ya usiku, maana ndilo maskini analojifunika (taz. Kutoka 22:26-27). Vivyo hivyo mwenye basi asipandishe nauli kuliko ile iliyopangwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, kwa kuwa tu abiria hawana njia nyingine.

Tatu, kila jumuiya ikae na kuwataja wajane, wagonjwa na yatima wake, ikusanye unga, mafuta na sabuni kadiri ya uwezo, na kuwapelekea bila kupiga mbiu. Tena wazazi wakae na watoto na kuwaeleza wazi kilichopo na kisichopo. Mtoto akiambiwa ukweli kwa upendo hujifunza kutumaini. Akidanganywa kwa mkopo hujifunza kujionyesha.

Tarehe 1 Januari Kanisa huadhimisha Siku ya Amani Duniani, iliyoanzishwa na Papa Paulo VI na kuadhimishwa kwanza mwaka 1968. Heri tuifikie siku hiyo tukiwa na mavazi ya zamani na mioyo isiyodaiwa. Yeye aliyekubali kulazwa horini hataona haya kuingia katika nyumba yenye ugali na mboga.

Mungu awabariki nyote.